Ngome ya Watawa Kule Soy

Nicanor Wepukhulu alikuwa fundi wa mawe, na fundi wa mawe hapendi jambo lisilo na pembe. Ndiyo maana kazi ya Bwana Kengele ilimsumbua kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya Uasin Gishu, na alikuwa amefanya nyingi. Alijenga majosho, akajenga chimni za wazungu, hata ngazi za mbele ya duka kubwa kule Sisibo, ambako wazungu wanakuita Eldoret. Zote hizo alijua ni za nini. Josho ni la ng'ombe, ngazi ni za kupanda, kwisha maneno. Lakini hii ya Bwana Kengele, wacha tu! Mvua ilikuja ikaenda, ikaja tena, na yeye bado anapanga mawe bila kujua anajenga nini.

Huyo Bwana Kengele jina lake la kizungu lilikuwa refu, na watu wa shamba hawakuwa na haja nalo. Shamba lake lilikuwa upande wa Soy. Kila asubuhi alikaa kwenye veranda na kengele ndogo ya shaba, akaigonga. Hakuwa anamwita mpishi. Anagonga, anafumba macho, anasikiliza mpaka sauti iishe, kisha anakunywa chai. Zamani alikuwa meja kwenye jeshi la Uhindi. Vita ya Hitla ilipokwisha, na mke wake akiwa ameshafariki, alianza kusema hataki tena kulala chini ya mabati. Anataka nyumba kama aliyoiona ujanani kwenye milima ya nyuma ya Uhindi, nchi inayoitwa Tibeti.

Siku ya kwanza alimpeleka Nicanor juu ya kilima kilichokuwa nyuma ya zizi, akachora chini kwa fimbo.

"Wewe jenga ukuta nene sana huku chini," alisema kwa Kiswahili chake cha kisetla. "Juu, nene kidogo. Ukuta nalala ndani. Dirisha ya chini hapana. Dirisha ya juu tu."

"Ukuta ulale ndani, Bwana? Si utaanguka?"

"Hapana anguka. Kule nasimama miaka mingi, mingi."

Nicanor akautazama ule mchoro, akauzunguka, akautazama kwa upande wa pili. "Ni boma la vita, Bwana?"

"Hapana! Nyumba ya sala. Watawa nakaa ndani."

"Sasa kama ni nyumba ya sala, mbona dirisha la chini hakuna?"

"Adui," alisema Bwana Kengele.

"Watu wa sala wana adui?"

"Mingi sana," alisema mzee yule, akaendelea kuchora.

Haya, niambie wewe ungefanya nini. Nicanor alikuwa mtu wa Marafiki, kanisa lile la Kaimosi na Lugulu, na fundi wa misheni ndiye aliyemfundisha kushika patasi. Kwa Marafiki kuna neno moja ambalo hata mtoto analijua, kwamba Rafiki hashiki silaha na hasaidii vita. Hana padre wala sanamu. Jumapili wanakaa kimya, na Roho akimgusa mtu, anasema. Sasa kujengea watu wa sala si dhambi. Kujenga ngome ni dhambi, au inakaribia. Na kama mtu anataka vyote viwili kwenye ukuta mmoja? Nicanor alirudi nyumbani siku hiyo kichwa kinamwuma.

Kazi ilianza. Mawe yaliletwa na Kipyego, Mnandi aliyeendesha mkokoteni wa ng'ombe, mtu mwenye mdomo ambao haukujua likizo. Bwana Kengele naye alikuja kila siku na kiti chake cha turubai, akakaa kivulini na kueleza. Alieleza kwamba kule milimani watawa walijenga juu ya miamba kwa sababu mabondeni kulikuwa na wavamizi wa farasi kutoka kaskazini. Chini waliweka ghala ya shayiri na baruti. Juu yake vyumba vya watawa, na juu kabisa ukumbi wa taa zinazowaka kwa siagi. Mkuu wa watawa mara nyingine ndiye aliyekuwa chifu pia, na kodi ilikuja kwake. Wavamizi wakija, watu wa bondeni walikimbilia ndani na wanyama wao, na watawa wakapanda juu ya paa na bunduki.

"Watawa wenyewe?" aliuliza Nicanor.

"Wenyewe. Ingine napiga tarumbeta, ingine napiga bunduki."

"Na ikiwa hakuna wavamizi?"

"Napigana wao kwa wao. Watawa ya kofia nyekundu na watawa ya kofia manjano."

Kipyego alicheka mpaka akaegemea gurudumu. "Aa, nimeelewa! Kumbe ni kama Sisibo tu. Nyinyi Marafiki huku, Wakatoliki kule, na hakuna anayetaka kunywa maji ya kisima cha mwenzake!"

Nicanor hakucheka. Alikuwa bado anataka kuuliza. "Bwana, na hao watawa wakiomba, wanamwomba nani?"

Bwana Kengele alifikiri kidogo. "Iko sanamu kubwa, ya Buda. Lakini mingi hapana omba. Nakaa kimya tu."

Wanakaa kimya! Hapo ndipo Nicanor aliposhika kichwa kabisa. Sanamu, hapana. Bunduki, hapana. Lakini kukaa kimya ndiyo sala yake mwenyewe, aliyofundishwa tangu akiwa kijana. Alijaribu kuwaweka watu wale upande mmoja, wema au wabaya, wakakataa kukaa upande wowote. Aliwachukia kidogo, haki ya Mungu, watu ambao hata hakuwahi kuwaona.

Ukuta ulipofika kifuani, Bwana Kengele alikwenda Nairobi kutibiwa macho. Kabla ya kuondoka alisema tu, "Mlango, wewe jua." Jamani! Fundi wa Kibukusu atajuaje mlango wa Tibeti? Nicanor alikaa juu ya jiwe akafikiri. Katika maisha yake alikuwa amesikia habari za ngome moja tu, ile ya Chetambe, kwa mdomo wa mama yake Nangila. Wazee wa Kibukusu walikaa ndani ya boma la ukuta wa udongo na handaki, waliloliita lukoba, na mlango wake ulikuwa chini kiasi kwamba lazima uiname kuingia. Ukija kama mgeni, unainama. Ukija kama adui, unatanguliza kichwa, na wenyewe wanakungoja ndani. Basi Nicanor akajenga lango la namna hiyo. Kwa akili yake ngome ni ngome, na lango la ngome liko chini.

Bwana Kengele aliporudi alikwenda moja kwa moja kilimani, mikono nyuma, anatabasamu, na paaa! Paji la uso kwenye jiwe.

"Wewe mjinga!" alipiga kelele. "Mlango ya Tibeti kubwa! Ngazi, halafu mlango kubwa sana! Hii mlango ya kuku!"

"Ni mlango wa ngome, Bwana," alisema Nicanor. "Anayeingia anatanguliza kichwa. Hata kama ni adui."

Mzee alikaa chini pale pale kwenye vumbi, suruali yake nzuri na yote, ameshika paji la uso. Nicanor alidhani anafukuzwa kazi. Kumbe mzungu alikuwa anaangalia ukuta.

"Kule Tibeti sisi hapana ingia mlango," alisema baadaye, taratibu. "Sisi napiga ukuta na mzinga. Naingia kwa tundu. Mimi kijana, na bunduki. Ndani iko watawa wazee, nakaa mstari. Mimi nasimama pale. Wao nakaa tu, hapana simama, hapana angalia mimi." Akapangusa vumbi kwenye mikono. "Acha mlango. Mzuri."

Nicanor hakumwambia Bwana wake kwamba mama yake alikuwa ndani ya Chetambe siku wazungu na askari wao walipopiga ukuta kwa mzinga. Utaanzaje kusema jambo kama hilo kwa mtu unayemjengea? Na kwa nini mtu aliyevunja anataka kujengewa kilekile alichovunja? Aliokota nyundo yake kwa sababu hakujua afanye kitu gani kingine.

Maneno hayakai shambani. Yalipanda mikokoteni ya mahindi yakafika Sisibo kabla ya Jumapili. Marafiki walikuwa wanakutana kwenye lokesheni ya Waafrika, katika chumba cha Mzee Wanyama, fundi viatu, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kusanyiko. Kimya kilipokwisha na watu wakaanza kusalimiana, Mzee Wanyama alimvuta Nicanor pembeni.

"Tunasikia unajenga ngome."

"Mzee, hata mimi..."

"Wengine wanasema ni hekalu la sanamu. Ni ipi?"

"Sijui, Mzee."

"Ati hujui? Mtu anajenga mwaka mzima hajui anajenga nini? Kwani umelogwa?" Mzee Wanyama hakuwa mtu mbaya, ila alipenda majibu mafupi, kama misumari yake. "Jumapili ijayo tutakuja tuone kwa macho. Ikiwa ni ya vita, au ni ya sanamu, utaweka nyundo chini siku hiyohiyo. Ukikataa, usirudi kukaa na sisi. Tutatoa jina lako katika Marafiki."

Nicanor alirudi Soy na baiskeli mkononi, anaisukuma, hata hakukumbuka kuipanda. Kuweka nyundo chini ni rahisi kusema. Nyumba yake ilikuwa kwenye ardhi ya Bwana Kengele, na skwata akiacha kazi anaondoka. Mke wake Nelima alimsikiliza huku anapepeta maharagwe, kisha akaweka ungo chini kwa kishindo.

"Na mama yako utamweka wapi? Begani? Mtu hata kisimani hafiki! Ukimpandisha kwenye mkokoteni mpaka kwenu Kimilili, utashusha maiti."

"Nikikataa kuacha kazi nitatolewa kanisani."

"Basi waambie ni nyumba ya sala!"

"Lakini sijui kama ni nyumba ya sala."

"Ai, Nicanor!" alisema Nelima. "Wewe na kujua kwako! Mtu mwingine angedanganya tu akalala."

Nangila mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni, blanketi mabegani, anautazama ukuta wa kilimani. Siku hizi akili yake ilikuwa inakwenda na kurudi. Mara nyingine alijua mwanawe ni Nicanor. Mara nyingine alimwita Khisa, na Khisa alikuwa kaka yake, aliyebaki langoni Chetambe wenzake walipokimbia. Hakutoka. Jina hilo likitajwa, Nicanor aliitika tu, kwa maana kumkatalia kulimliza.

"Baba amekaribia kumaliza lukoba," alisema Nangila, akielekeza kidole kilimani.

"Ndiyo, mayi," alisema Nicanor. Hakuwa na nguvu ya kuanza mambo.

Jumapili ikafika. Nicanor alikuwa anafunga vifungo vya shati jeupe Nelima alipoingia anahema. Mama hayupo. Si nyuma ya nyumba, si kwa kuku, si kwa jirani. Walitafuta huku na huku, na Nicanor alipoinua macho kilimani akaona kipande cha blanketi kikipotelea langoni. Mtu ambaye kisimani hafiki amepanda kilima peke yake! Alikimbia, akainama, akaingia.

Alimkuta ndani ya ule ukumbi usio na paa, mgongo ukutani, amekaza miguu. Kando yake kulikuwa na kibuyu cha maji na mahindi mabichi machache aliyoyafungia kwenye leso. Alikuwa amekuja na chakula cha kukaa ndani.

"Khisa, umechelewa," alisema. "Funga mlango."

"Mayi, twende nyumbani. Kuna wageni wanakuja."

"Najua wanakuja! Ndiyo nasema funga!" Na hapo akaanza kulia kwa sauti ya msichana, sauti ambayo Nicanor hakuwahi kuisikia kwa mama yake, na mikono yake mizee ikaanza kukwaruza ukuta. Nicanor hakuweza kustahimili. Alikusanya miti ya jukwaa la kujengea, akaipanga moja juu ya nyingine ndani ya lango, akaikaza kwa mawe. Alijiambia ataifungua akishatulia.

Ndipo aliposikia sauti nje. Marafiki walikuwa wamefika, Mzee Wanyama mbele, na Mama Rael, na wengine, wamevaa nguo za Jumapili. Walikuja kuona kama ni ngome, na wakaikuta imefungwa na fundi yuko ndani! Shetani mwenyewe asingepanga vizuri zaidi.

"Nicanor!" aliita Mzee Wanyama. "Ni nini hii? Fungua!"

"Wamefika," alinong'ona Nangila, akamshika mwanawe mguu.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, Bwana Kengele naye alikuwa anapanda kilima na fimbo yake, anauliza hawa ni nani na wanataka nini kwenye shamba lake. Nicanor aliweka mdomo kwenye upenyo wa miti. Alisema kitu kimoja tu alichokijua.

"Mama yangu alikuwa Chetambe ngome ilipovunjwa. Alikuwa msichana. Anadhani ni leo. Tafadhalini, msiguse mlango."

Mzee Wanyama alikuwa Mbukusu, hakuhitaji kuelezwa. Bwana Kengele hakuelewa yote, lakini jina la Chetambe mzungu yeyote wa jeshi alilijua. Nicanor alimwona kwenye upenyo akivua kofia. Alirudi nyuma hatua chache, akakaa juu ya jiwe ambalo lilikuwa halijachongwa.

"Ni akina nani?" aliuliza Nangila.

"Ni watu wetu, mayi."

"Wana silaha?"

Nicanor alirudi kwenye upenyo. "Mzee Wanyama, mama anauliza kama mna silaha."

Nicanor alisikia mtu akipiga chafya, na Mama Rael akisema pole pole jina la Yesu. "Mwambie," alisema Mzee Wanyama, na sauti yake haikuwa ile ya kawaida, "hatujashika silaha tangu tuwe Marafiki."

"Basi waingie mmoja mmoja," alisema Nangila. "Wainame."

Nicanor akaondoa miti. Waliingia mmoja mmoja, kichwa kwanza, Mzee Wanyama akiwa wa kwanza, kofia mkononi na vumbi magotini. Waliwatazama wale wawili, wakatazama kuta zinazolala ndani, na kwa kuwa hawakujua la kufanya walifanya wanachofanya kila Jumapili. Walikaa chini kuzunguka ukuta na kunyamaza. Nangila aliwahesabu kwa kidole, akaridhika. Alimwambia Khisa arudishe miti, na miti ikarudishwa.

"Na yule mzungu?" aliuliza baadaye. Macho yake yalikuwa kwenye upenyo.

"Amekaa nje, mayi."

"Ana silaha?"

Nicanor alichungulia. Mzee yule alikuwa ameweka mikono kwenye magoti, na jua lilikuwa linampiga kwenye upara. "Hana."

"Anataka nini?"

Hilo ndilo swali ambalo Nicanor mwenyewe alikuwa akijiuliza tangu siku ya fimbo na mchoro. "Anangoja," alisema.

"Basi angoje," alisema Nangila.

Jua lilipita juu ya ukumbi. Nangila alisinzia, kichwa kwenye bega la Mama Rael, na Mzee Wanyama akampa jirani yake mkono, ambayo ndiyo njia ya Marafiki ya kusema sala imekwisha. Nicanor alitoa miti bila kelele. Alimfuata Mzee Wanyama mpaka langoni.

"Sasa, Mzee? Niweke nyundo chini?"

Mzee Wanyama alipangusa magoti, goti moja, halafu la pili. Alitazama juu, pale ambapo palikuwa na mbingu tu. "Maliza paa," alisema. "Unataka mama anyeshewe?"

"Kwa hiyo ni nyumba ya sala?"

"Usiniulize mimi," alijibu kwa hasira, akainama, akatoka.

Paa lilimalizwa. Nangila alikataa kurudi nyumba ya chini, na Bwana Kengele, alipoelezwa, alisema tu, "Mzuri. Yeye nakaa." Yeye mwenyewe hakuhamia kamwe. Aliendelea kulala chini ya mabati yake. Asubuhi, badala ya veranda, alipanda kilima na kengele yake, akaketi juu ya lile jiwe, akagonga mara moja na kusikiliza. Hakuna aliyemkaribisha, naye hakuomba. Kipyego alisema wazungu wakizeeka ni shida, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wa kuongeza. Nicanor alipita hapo na maziwa ya kumpelekea mama, akasalimia, akaona aibu, na hakujua aibu hiyo ni ya nani.

Miezi ikaenda hivyo. Asubuhi moja ya ukungu, Nangila alikuwa anakunywa uji na mwanawe, ametulia, akili imekuja au imekwenda, nani ajuaye. Kengele ikalia nje. Aliinua kichwa.

"Nicanor," alisema, na alitumia jina lake hasa. "Yule mzee kila siku anakaa kwenye baridi. Mbona haingii? Kwani nani amemkataza?"

Nicanor alimtazama mama yake. Alitaka kusema, ni wewe. Aliweka kikombe chini, akaenda langoni, akatoa kichwa.

"Bwana," alisema. "Mama anakuita."

Bwana Kengele aliacha kengele juu ya jiwe, akavua kofia, akainama.